Kujenga au Kupunguza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimetukanwa na mashine. Mizani ya nesi wa kiwanda. Kilo mia moja na nne! Nikamwambia nesi nimevaa viatu vya kazi, vina chuma mbele. Akaniambia nivue. Nikavua. Mia moja na tatu na nusu. Mizani haina adabu, nesi hana adabu, ndiyo maana wamewekwa chumba kimoja.

Chanzo ni barua ya meneja, imebandikwa mlangoni. Eti ifikapo Ijumaa ya tarehe 14, msimamizi wa ghorofa ya juu lazima awe chini ya kilo mia, na apande ngazi zote hamsini na nne bila kusimama. Akishindwa anapelekwa getini kuandika namba za magari. Sababu: sisi tunatengeneza magodoro, godoro ni sponji, na sponji ikishika moto msimamizi ndiye anayetoa watu, yeye anatoka wa mwisho. Kana kwamba sijui! Miaka kumi na tisa nasimamia chumba cha kukatia sponji, funguo za juu zinaning'inia kiunoni kwangu. Mwaka ule wa moshi nilishuka na watu wanne mgongoni. Wa tano nilimbeba na godoro lake, hata hakuamka. Meneja huyu wakati huo alikuwa bado ananyonya.

Msumari kaisoma barua mara mbili, kwa sauti. Msumari ni msaidizi wangu. Mwembamba mpaka akikaa upande unadhani ameshaondoka. Kushika kisu cha sponji nilimfundisha mimi, kwa mikono hii. Leo akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, eti, "Bosi, hizo funguo hazikuumizi zikibanwa na tumbo?" Watu wakacheka. Nimewaandika wote kichwani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nakaa kwa dada yangu mkubwa tangu mama watoto aliposema anahitaji hewa. Hewa! Nyumba ilikuwa na madirisha sita.

Binti wa dada, mpwa wangu, anafanya kazi zahanati, kitengo cha lishe. Namwita Bibi Lishe. Nilimweleza habari ya mizani nikitarajia anipe kidonge. Akanipa hotuba. Kilo nne haziondoki salama kwa siku kumi, anasema. Nimwombe meneja muda kwa barua, atanisaidia kuiandika. Niache soda. Sahani iwe nusu mboga. Nile maharage, mayai, samaki, hivyo ndivyo vinavyoshibisha. Na kila jioni nikitoka kazini tutembee pamoja mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, ataniwekea viatu mlangoni.

Nikamwambia sikuzaliwa nije nitembezwe na mtoto barabarani kama ng'ombe aliyepona. Mimi huyu niliwahi kusimamisha lori kwa bega! Akanitazama kwa yale macho. Ndiyo macho aliyomtazamia baba yake, shemeji yangu, ule mwezi wa mwisho wa presha. Sipendi macho yale. Nikaenda kulala na mchana kweupe.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nina mpango. Protini!

Nyuma ya gereji kuna chumba cha kunyanyulia vyuma, mwenyewe anaitwa Kocha. Kinanuka kutu na soksi. Ukutani kuna makopo na vipande vya kutafuna vya protini, vile vinavyoitwa baa. Nilienda nikiwa nimejiandaa vizuri kabisa, nimeshapanga cha kusema: Kocha, nataka ya kupunguza mwili. Maneno manne tu, na jina lake mwanzoni.

Naingia, nakuta vijana sita vifua wazi. Na wa saba, amelala kwenye benchi chini ya chuma, nani? Msumari!

Kocha akaniuliza kwa sauti ya mnadani, "Mzee, unataka ya kujenga au ya kupunguza?" Vyuma vyote vikanyamaza. Msumari akainua kichwa. Hivi, mtu mzima mwenye funguo kiunoni angejibu nini?

Nikasema kujenga. Nikaongeza kwamba chini nimeshamaliza, natafuta tu tofali za ghorofa ya pili. Vijana wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri mpaka kona ya pili.

Kopo ni kubwa kama ndoo ya rangi. Lina picha ya mtu asiye na shingo. Nimepata na boksi la baa ishirini na nne. Nimemwachia Kocha redio yangu.

Njiani nikafikiri, na mambo yakajipanga. Misuli ikiingia, kitambi lazima kitoke, maana nafasi ni moja. Wasomi hawalioni hili kwa sababu muda wote wanasoma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sheki ya kwanza. Kopo linasema uchanganye vijiko viwili vya unga wake na maji. Kijiko chenyewe ni kama kikombe. Mimi si mtu wa vijiko viwili, nimeweka vinne. Maji ni ya kuoshea miguu, nimetia maziwa, ndizi tatu, na karanga. Tamu! Nikanywa nusu jagi. Kisha nikanywa chai na mkate, maana hiyo ilikuwa dawa na tumbo bado halijala.

Kazini nikatafuna baa mbili kabla ya chakula cha mchana ili chakula kikute askari wameshajipanga. Moja baadaye kufunga mlango.

Ugomvi nyumbani. Nilimwambia dada, bila ubaya wowote, kwamba kuanzia sasa napitia baa tatu kwa siku na Jumapili nne. Akarusha mwiko. Akasema umri huu naanza ulevi, marehemu mama amefia nini, na nyumba hii ina binti. Ikabidi nimwonyeshe kipande kwenye karatasi yake. Akakinusa, akasema afadhali ningekuwa mlevi, pombe ina harufu inayoeleweka.

Viatu vipo mlangoni. Vimepigwa na brashi. Nimevisogeza na kufungua njia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bibi Lishe kanifumania na jagi. Akageuza kopo, akasoma nyuma mstari kwa mstari, midomo inakwenda. Kisha akakaa chini.

Akasema, "Mjomba, hili ni la watu waliokonda wanaotaka kuongeza uzito. Umeliomba mwenyewe?"

Nikamwambia nimeshauriwa na mtaalamu. Akasema hana ugomvi na protini. Sheki ya kawaida ni sawa mtu akikosa muda wa kula, baa moja ni sawa mfukoni badala ya andazi, lakini zishike nafasi ya kitu, zisipande juu ya sahani iliyojaa. Akanionyesha karatasi ya baa. Sukari imeandikwa ya pili. Akasema hiyo ni peremende iliyovaa suti. Na mtu mwenye presha kama yangu asijimwagie vitu hivi bila kumwona daktari.

Nikamfundisha Kiswahili kidogo. Kuna kilo na kuna uzito. Mtu mzito ni mtu mwenye heshima zake, neno lake likitua linatua. Kopo linaongeza uzito wa namna hiyo. Kama lingemaanisha kilo lingesema kilo.

Hakucheka. Akaniwekea mezani karatasi ya kuomba muda kwa meneja, ameshaiandika vizuri, imebaki sahihi yangu tu. Niisaini? Msumari akisikia nimeomba kuongezewa siku kama mwanafunzi aliyefeli? Meza ya jikoni ilikuwa inayumba mguu mmoja. Sasa haiyumbi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku ngumu. Vijiko vimefika sita kwa jagi. Tumbo limeanza kuongea. Jana lilikuwa linanong'ona, leo limehutubia.

Saa nne asubuhi, chumba cha kukatia, madirisha yamefungwa ili sponji isipeperuke. Sitaandika kilichotokea. Naandika matokeo tu: watu kumi na mmoja walitoka chumbani na kushuka ngazi zote kwa dakika moja na nusu. Hakuna msimamizi aliyewahi kutoa watu haraka hivyo! Na mimi nilibaki wa mwisho, kama barua inavyotaka. Meneja angekuwa mtu wa haki angenihesabia.

Badala yake Msumari karudi juu, kafungua madirisha yote na kuniuliza kama naumwa. Akasema bosi, mama yake alikuwa na tumbo, kuna daktari mmoja mzuri. Nikamwambia hicho ni kiwanda kinaunguruma ndani, misuli inatengenezwa. Akasema sawa bosi. Lile "sawa" lilikuwa refu mno.

Mkanda umegoma tundu la mwisho. Nimetoboa jingine kwa msumari. Wa chuma. Huyu angalau hajibu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mtihani ni kesho, kwa hiyo leo nimefunga kula. Nimekula baa tu. Saba. Nane ukihesabu ile ya kuaga boksi.

Mlangoni, Bibi Lishe alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyangu mapajani. Dada anasema amekaa hivyo kila jioni tangu wiki iliyopita, mimi nikipitia mlango wa nyuma. Akaniambia leo tu, mjomba, hata mpaka kona. Nikamwambia kesho, nikishashinda, tutatembea mpaka achoke. Akasema baba yake pia alikuwa anasema kesho. Akainuka, akaenda peke yake.

Hii ndiyo taabu ya kusomesha watoto. Wanakumbuka vitu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kilo mia moja na saba.

Nilivua viatu. Nilivua shati. Nilitaka kuendelea, nesi akanizuia. Mia moja na saba! Nikamwuliza kama mizani imetoka kwa fundi. Akaita meneja apande. Meneja, sabini na mbili. Akaita Msumari. Hamsini na tisa, na viatu.

Ngazi sasa. Nilianza kwa kishindo. Mpaka ya kumi na tano nilikuwa nasimulia habari ya lori na bega. Ya ishirini na mbili nikafupisha. Ya thelathini na moja nikasimama, ila kwa sababu za kazi: niliona boliti ya ukuta imelegea, nikaikagua kwa muda. Ukuta ukawa unakwenda kulia. Nikakaa ili nao ukae.

Aliyeshuka kunishika ni Msumari. Alikuwa ameshafika juu na kurudi, jasho hana. Alinishika kiwiko kwa adabu kabisa, ngazi moja moja, akinihesabia polepole kama mimi nilivyomhesabia siku ya kwanza aliposhika kisu. Afadhali angenicheka. Hilo sitamsamehe.

Presha nesi kaipima mara tatu, kaandika, hakutaka kunionyesha. Amenipa karatasi ya kwenda kwa daktari.

Kisha funguo. Ziko kwenye mkanda, na mkanda umezama, kifungo chake hakionekani. Meneja kajaribu, nesi kajaribu. Mwisho nesi kaukata kwa mkasi wa bandeji. Miaka kumi na tisa imekatwa kwa mkasi wa bandeji! Nimerudi nyumbani nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Dada kafungua mlango, kaangalia, kanipa kamba.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Getini. Kiti kimoja, daftari moja, kalamu imefungwa kwa uzi kana kwamba nitaiiba. Nimeandika magari ishirini na sita. Nayafahamu yote, zamani yalikuwa yananipigia honi.

Saa tano kengele ya moto ikalia, mazoezi. Watu wa juu wakatoka mstari mmoja, kumi na mmoja, hakuna aliyekimbia. Wa mwisho Msumari, funguo kiunoni, zinacheza huku na huku, hana hata pa kuzibana. Akawahesabu. Akageuka akanitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa amepata. Nikainamia daftari. Nikaandika namba ya gari ambalo halikuwepo.

Mchana Bibi Lishe kaniletea bakuli: maharage, yai, mboga. Akanieleza jambo. Ile karatasi aliitoa chini ya mguu wa meza, akaikunjua, akampelekea meneja mwenyewe, bila sahihi yangu. Wamekubali. Nitapimwa tena Juni, nikifaulu funguo zinarudi. Miezi mitatu inatosha, mjomba, anasema, tena bila kujitesa. Kwa daktari ameniandikisha kesho. Jioni atakuja na viatu hapa hapa getini, maana geti halina mlango wa nyuma.

Nikafuta macho. Vumbi lilikuwa jingi. Lakini maharage nilimaliza, na nilijiambia: basi, safari hii nafuata. Naandika hapa ili liwe ushahidi.

Saa kumi na moja watu wanatoka. Mpwa wangu amefika, amesimama na viatu mkononi. Madereva watatu wanasubiri kuandikwa. Msumari anafunga kufuli la ndani. Mara baiskeli ya Kocha. Redio yangu imefungwa kwenye usukani, inaimba kuliko ilivyowahi kuniimbia mimi. Nyuma makopo mawili. Akasema amesikia yaliyonipata, pole mzee, ameniletea mwenyewe nichague, hata saa ya mkononi anapokea. Hili jekundu la kujenga, hili la kijani la kupunguza.

Akauliza, sauti ile ile ya mnadani, kujenga au kupunguza?

Madereva wakageuka. Kufuli la Msumari likanyamaza. Mpwa wangu alinikazia macho, kichwa kinatikisika kidogo tu, polepole, kama anamwongoza dereva anayerudi nyuma.

Nikavuta tumbo ndani. Lilikuja nusu.

Nikavua saa. Nikamwuliza kama la kujenga lipo kubwa zaidi ya hili.