Karatasi Inayong'aa Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Agosti

Printa imeingia nyumbani! Nimeinunua kwa mhasibu wa pale ghalani ninapofanya kazi, anahamia Dodoma. Ina mkwaruzo ubavuni na kifuniko cha nyuma hakipo, lakini inawaka. Taa tatu za kijani. Sijawahi kumiliki kitu chenye taa tatu za kijani.

Sababu ni mama mkwe. Anashuka kutoka Usangi Jumamosi, mara ya kwanza tangu tumzike baba mkwe, Mzee Eliaichi, mwaka jana. Kwenye simu yangu kuna picha yao niliyoipiga mwenyewe siku ya harusi yetu. Mzee anacheza, shati limeloa jasho, koti kalitupa huko, na mama kando yake anacheka mdomo wazi. Ndiyo picha pekee wanayocheka wote wawili. Katika nyingine zote wamesimama kama wanaosubiri kuitwa majina. Mama aliniomba picha hiyo palepale msibani na nikamwahidi mbele ya watu. Tangu hapo kila akipiga simu namwambia iko njiani.

Noela, mke wangu, ni mwalimu na anapenda njia fupi. Akasema si nimtumie tu Fakihi, aichape kwa dakika kumi?

Fakihi! Mwenye studio hapo kona! Mtu aliyenipiga pasipoti saizi nikiwa nimefumba macho, akanivisha kwa kompyuta lile koti lake la bluu na tai nyekundu anavyowavisha nusu ya watu wa hapa kwetu Kipawa, kisha akaibandika dirishani kama tangazo. Mwaka wa pili huu iko pale. Watoto wa shule wananiita Mjomba Usingizi.

Nikamwambia Noela picha ya baba yake haitapita mikononi mwa mtu huyo. Akasema haya, ila nikumbuke vifaranga. (Vifaranga hamsini vya kuku wa mayai. Vyote vikawa majogoo. Sioni vinahusianaje na picha.)

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la kwanza, karatasi ya kawaida ya ofisini. Printa ilikoroma, ikatetemeka, ikatoa. Karatasi imelegea kama chapati ya maji na mzee amekuwa wa kijivu. Mama hana meno. Siwezi kumpa mjane kitu hiki.

Fakihi akapita dirishani wakati huohuo, maana ana pua ya kunusa aibu za watu. Akachungulia. "Braza, hiyo si karatasi ya barua? Picha inataka glosi, karatasi ya kung'aa. Ila glosi ziko aina aina, uulizie inayoendana na printa yako."

Nilimshukuru kwa ubaridi mkubwa. Alipoondoka nikaandika "glosi" kiganjani. Wazo lilikuwa langu kwa kweli, yeye amewahi tu kulitamka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesema kazini kwamba tumbo linauma, nikaenda Kariakoo. Duka la vifaa vya ofisi la bwana mmoja anaitwa Khalfani, mpole, miwani ameifunga kwa uzi. Akanitandikia karatasi mezani kama muuza vitenge. Kuna nyepesi, kuna nzito, kuna ya kung'aa kidogo, kuna isiyong'aa kabisa. Akauliza printa yangu ni ya wino wa maji au ya wino wa unga.

Sikujua. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu mwenye printa hawezi kuonekana hajui printa yake. Nikasema ya kisasa.

Akasema sawa, lakini ni ya maji au ya unga? Nikasema inategemea.

Hapo ndipo nilipoiona. Pakiti ya mwisho kabisa juu ya rafu, karatasi kumi tu. Inang'aa kuliko zote! Niliinua moja nikayaona meno yangu, na kati ya meno nikaona mchicha wa mchana. Khalfani akawa anaeleza kwamba hiyo ni ya mashine za unga, wino wa maji haupenyi, unakaa juu juu tu, na mengine mengi. Mimi nilikuwa nautoa mchicha. Nikamwambia nifungie hii.

Alinitazama kwa muda. Akaifunga. Nadhani aliniheshimu.

Alhamisi, 7 Agosti

Ajabu! Ajabu tupu! Nimechapa ya kwanza baada ya kazi na nusura nipige vigelegele. Rangi zinawaka. Jasho la mzee linaonekana tone kwa tone. Noela alikuja na mwiko mkononi, akaangalia, akasema, "Baba huyu," akauweka mwiko chini. Nilijisikia mtu.

Kisha akaigusa. Nusu ya baba ikaondoka na kidole.

Nimemweleza kwamba wino unahitaji kutulia. Nikachapa nyingine, nikaiacha saa nzima. Nikaigusa pembeni. Mbichi. Nikachapa ya tatu, nikaiwekea feni. Mbichi. Ya nne nikaipitishia pasi kwa mbali, halafu kwa karibu. Sasa pasi ina picha nzuri sana ya mama mkwe, na Noela akija kuipitisha kwenye kola ya blauzi yake ataniuliza.

Zimebaki karatasi sita. Moyo uko juu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu, jua la kutosha. Nimeanika picha nne kwenye kamba kwa vibanio, kati ya mashuka. Ndege ilipopaa kutoka uwanja wa ndege hapo jirani upepo ukavuma na mashuka yakazikumbatia. Tuna shuka moja lenye wazee wanne wanaocheza. Noela aliloweka shuka, akavaa viatu, akatoka na simu yangu, akarudi baada ya nusu saa.

Jioni nilikuwa natafuta shuka safi kabatini. Chini ya khanga zake nikakuta bahasha yenye muhuri wa studio ya Fakihi, ngumu, ina fremu ndani. Sikuifungua. Niliirudisha kama nilivyoikuta.

Iliniuma. Naandika hivyo hivyo: iliniuma sana. Si kwamba amekosea. Ni baba yake, na mama yake anafika kesho. Lakini ahadi niliitoa mimi, na ningependa mara moja tu katika ndoa hii kitu nilichoahidi kitoke mikononi mwangu mwenyewe.

Nimechapa tena. Nimeilaza kwenye sinia kubwa la Noela la pilau, nikaliweka juu ya kabati la vyombo. Nimetangaza kwamba hakuna kupiga chafya upande ule wa nyumba. Imebaki karatasi moja ya akiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Ile ya akiba nimeikalia asubuhi.

Mama mkwe amefika mchana, amepungua, amebeba mkungu mzima wa ndizi. Shikamoo, marahaba, poleni, tumeshapoa. Akala kidogo. Nilikuwa nachungulia sinia kila baada ya tonge mbili. Bado picha inameta kama samaki aliyetoka majini.

Noela akaleta bahasha. Hakunitazama. Mama akaifungua: fremu ya dhahabu, kioo, kazi safi, lazima niseme. Mama akaitazama. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Noela mwanangu, hili koti la nani?"

Tukasogea wote. Fakihi kamvika mzee lile koti! La bluu, na tai nyekundu! Amempangusa jasho lote, amempunguzia makunyanzi, amemfanya mweupe kama karani wa benki. Noela akasema kwa sauti ndogo kwamba hakumwagiza hivyo, labda alitaka kumheshimisha mzee. Mama akasema ahsante, ni nzuri. Akaisimamisha mezani kwa adabu, kama anayemwekea mgeni kiti.

Sikufikiri. Nilipanda kwenye stuli, nikashusha sinia kwa mikono miwili, nikapiga goti nikaliweka mapajani pake.

Mdomo wa mama ukaanza kufunguka taratibu, kama ulivyofunguka pichani. Halafu nikaona kidole gumba kinanyanyuka. Nikafungua mdomo niseme usiguse, nikaufunga. Utamwambiaje mama mkwe usiguse? Tena mume wake?

"Huyu alikuwaga akicheza anatoka jasho mpaka kisigino," akasema, na akampangusa jasho shavuni.

Shavu likaenda hadi sikioni. Noela akafumba macho. Mimi nilitamani ndege nyingine ipae.

Mama akakitazama kidole chake, cha kahawia, kimeloa. Akaitazama picha, alama ya dole lake imekaa katikati ya shavu la mzee, mistari yote inaonekana. Akacheka. Alicheka mpaka akawa analia, Noela akamshika naye akalia, na mimi nikalishika sinia lisianguke.

Nikasema nisamehe mama, nitachapa nyingine. "Weee! Usithubutu," akasema. "Huyu nimemgusa. Yule wa koti hata hanijui."

Jumatatu, 11 Agosti

Mama ameondoka alfajiri. Picha kaipakata mapajani, na sinia lake. Alisema haitoki kwenye sinia mpaka Usangi. Noela amelipoteza sinia la pilau na ameenda shuleni akiimba. Picha ya koti tumebaki nayo. Nimeitundika stoo.

Nimetafakari sana siku hizi mbili na nimelielewa somo. Fakihi ana kompyuta, ana fremu, ana koti. Mimi nina karatasi. Ni ile karatasi! Wino unabaki hai juu yake, mtu anaacha mkono wake kwa mpendwa wake. Hakuna studio Dar nzima inayotoa picha ya namna hiyo.

Saa nne nilikuwa Kariakoo. (Tumbo tena.) Khalfani akaniambia ile si ya printa yangu, anayo inayofaa, inayokauka kwa dakika moja. Nikamwambia kwa upole kwamba yeye ni mfanyabiashara, haelewi mambo ya moyo. Nimebeba pakiti zote alizokuwa nazo.

Nikitoka huko nikapitia kanisani, nimeichukua kazi ya picha za kipaimara cha Jumapili. Watoto sitini na wawili, wote na nguo nyeupe. Mchungaji alikuwa anataka kumpa Fakihi, nimemuwahi.

Kila kitu kiko tayari. Kimebaki kitu kimoja tu, na Noela hajui bado: nahitaji masinia sitini na mawili.