Mgongo Wangu Uko Jukwaani Kwako Bila Ruhusa

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana haya si ya kusomwa umesimama. Mimi ni fundi plasta mstaafu, miaka sabini na minane, meno kumi na tisa, yote yangu. Ukuta wa nyuma ya jukwaa lako niliupiga plasta mimi. Upapase. Ukikuta ufa, chana barua hii usiendelee.

Namlalamikia mjukuu wangu, yule mcheza dansi za kisasa ambaye siku hizi umempa cheo cha kuwatungia wenzake. Mashtaka ni haya:

1. Alinidanganya kwa kunyamaza. Miezi mitatu anakaa sebuleni na daftari, mara Babu inuka tena, mara Babu nionyeshe unavyorusha saruji ukutani, haya sasa polepole, haya sasa bila mwiko. Nikajua mtoto kapata akili, anajifunza ufundi. Nikamrithisha mwiko wangu wa chuma. Nikamtangaza kwa kinyozi, na kwa kinyozi wetu ukishatangaza jambo limetangazwa. Kumbe ananichukua vipimo kama fundi cherehani!

2. Siku ya onyesho nikavaa koti. Naona watu wanane pekupeku wanapiga plasta hewa, saa nzima, hakuna saruji, hakuna timazi, hata ndoo hakuna. Kijana anayeniigiza mimi, mpaka mgongo wangu ulivyopinda, anaanzia juu anashuka chini. Plasta hupandishwa, bwana, haishushwi! Na goti langu kalitia chumvi: eti nainuka kitini kwa jaribio la tatu. Ni la pili, na mashahidi ninao.

3. Walipomaliza, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Bwana Mkurugenzi, nimepiga kuta miaka hamsini na mmoja, sijapigiwa kofi hata moja. Mwenye nyumba akija ananiuliza kwa nini nimechelewa. Mama wa kiti cha pembeni alikuwa analia. Nikamwambia huyo unayemlilia ni mimi. Akasema shikamoo babu, hebu tutazame.

4. Hili ndilo kubwa. Sasa unataka kuuzungusha mgongo wangu miji kumi na minne, mwaka na nusu, na yeye ndiye kiongozi wa msafara. Mkataba wako una siku kumi na mbili juu ya meza yetu na hajausaini. Nikimuuliza, anasema bado nafikiria, Babu. Anafikiria huku analitazama goti langu. Tunaishi wawili tu. Mimi kupika najua. Sufuria ya Jumanne iliungua kwa uzembe wa jiko. Nikimkataza atanitii, halafu mtaa mzima utaniita babu aliyemfungia mjukuu riziki. Kwa hiyo mkatalie wewe. Sura ya kazi hiyo unayo.

Naomba basi uifute safari. Ikishindikana, nirudishie plasta yangu: Jumatatu nitakuja na patasi niubandue ukuta wote. Na hilo likishindikana, mtoe yule kijana uniweke mimi. Niko imara. Nitahitaji tu kiti chenye mikono, na mapumziko kidogo kati ya kuinuka na kuinuka.

Nisalimie walinzi wa mlangoni, mama wa tiketi aliyeniweka mbele bila kuombwa, na watu wa taa. Hata yule kijana msalimie, umwambie bega la kushoto alilegeze.

Ni mimi mwenye mgongo,
Fundi

Nyongeza, siku tatu baadaye: Mkataba umo ndani ya bahasha hii. Jana nilikaa mlangoni na kalamu, nikamwambia hapiti mtu, mpaka akasaini. Dada yangu anahamia chumba cha nyuma Jumapili, tutagombana vizuri tu. Mjukuu anadhani nimekuandikia kukushukuru. Kwa hiyo mkataba usome leo. Barua hii isome akishaondoka.