Taa ya Vifaranga na Kinyonga wa Baba Vero

Leo sina pa kuuficha uso wangu. Naandika mwenyewe mapema, kabla hamjasikia kutoka sokoni, maana huko najua nimeshafika.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Vero, fundi cherehani hapa Tunduma, nyumba ile ya kuangaliana na foleni ya malori. Mume wangu, Baba Vero, alikuwa dereva. Mwaka jana aliugua ghafla akiwa safarini upande wa Kongo, akarudishwa kwenye sanduku. Hayo mnayajua. Msichokijua ni kinyonga.

Baba Vero alimtoa kwenye mibuni ya kwao, Ruanda ya huku Mbozi. Alikuja naye ameng'ang'ania mkono wa shati, majirani wakatawanyika. (Huku kwetu kinyonga anaogopwa kuliko nyoka.) Akamtengenezea kizimba cha mbao na wavu wa dirishani, akaweka mche wa mbuni kwenye kopo la rangi, akakitundika barazani jua la asubuhi linapofika. Kazi yangu ilikuwa kunyunyizia majani maji kwa kile kichupa cha kupigia pasi. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, analamba matone.

Baada ya msiba nikaanza kumsemesha. Vero yuko shule ya bweni Mbeya, nyumba imebaki mimi na cherehani. Mwanzo nilimwita "wewe." Baadaye, sijui ilikuwaje, nikawa namwita Baba Vero. (Msinitazame hivyo.) Jioni unakata uzi, unasema, "Baba Vero, leo umeme umesumbua kweli." Naye anakugeuzia jicho moja, jingine linabaki kwa inzi. Mume wangu alikuwa anasikiliza hivyo hivyo, jicho moja kwangu, jingine kwenye mpira.

Sasa hii baridi ya mwezi huu mnaijua. Nikaona kila asubuhi anakuwa mweusi, amejikunja kwenye kijiti. Nikaingiwa na hofu. Nikasema huyu naye ataniacha. Basi nikanunua tangi la kioo la kufugia samaki kwa mama mmoja aliyekuwa anahama. Nikanunua na balbu ya vifaranga, ile nyekundu. Nikamhamishia Baba Vero chumbani, ndani ya tangi, balbu ikaning'inia humo humo ndani kwa waya wake, juu nikafunika ubao ili joto lisitoroke. Nikajiona mtaalamu!

Leo asubuhi alikuwa mweusi tena. Nikaishusha balbu imkaribie zaidi.

Na leo ilikuwa zamu yangu kupokea ibada ya akina mama wa kanisa. Mama mkwe alishafika tangu jana kutoka Ruanda. Habari za kinyonga hakuwa nazo, nami sikuwa na haraka ya kumpa. Nimepika maandazi, nimejaza chupa za chai, nimetandika vitambaa vipya kwenye makochi. Wageni walipoanza kubisha hodi nikachungulia chumbani mara moja. Baba Vero amekuwa mweupe, mdomo wazi.

"Haya," nikamwambia, "sasa umepata joto, unapiga miayo."

Nikafunga mlango. (Hapo ndipo mngenizaba kibao.)

Sebule ikajaa. Mama mchungaji akasimama kuhubiri. Na mahubiri yenyewe, kati ya yote yaliyopo duniani, yalikuwa ya moto wa milele. Anahubiri kwa uchungu, mama yule. Akina mama wametulia, mama mkwe yuko kwenye kochi la pembeni, khanga mabegani, anatikisa kichwa kukubali.

Ikaja harufu. Kama nywele zinaungua.

"Mama Vero," jirani yangu akaninong'oneza, "umeacha kitu jikoni?"

Nikainuka taratibu, kiheshima. Jikoni hakuna kitu. Nikafungua mlango wa chumbani.

Alikuwa ameupanda waya. Ameikumbatia balbu kwa miguu yote, mgongo umeshikana na kioo chake, wala hajishughulishi kutoka. Nikasahau wageni, nikasahau mahubiri, nikapiga ukelele ambao nadhani hata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wameusikia:

"Baba Vero anaungua! Jamani, Baba Vero anaungua!"

Sebuleni mahubiri yakakatika.

Naomba muelewe. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili zake nyingi zilimkuta barabarani, na zilizomkuta nyumbani zilimkuta amelala. Akina mama wale walimzika kwa nyimbo nzuri, lakini moyoni kila mmoja alikuwa na wasiwasi wake. Sasa wako katikati ya moto wa milele, na mjane yuko chumbani anawatangazia matokeo!

Mimi huku nahangaika na ubao, na waya, na vidole vinaungua. "Achia, Baba Vero! Shuka! Shuka upesi!"

"Shuka?" nikasikia mtu akiuliza kwa woga. "Ashuke wapi tena?"

"Ameonyeshwa!" mama mchungaji akapaza sauti. "Dada yetu ameonyeshwa! Simameni, tuombe!"

Nyumba ikalipuka maombi. Wengine wanalia, wengine wanapiga makofi, mmoja anakemea. Na katikati ya zile sauti zote nikasikia sauti moja ya kizee, imepasuka:

"Obedi! Obedi mwanangu! Muulizeni amekosa nini! Muulizeni kama naweza kumwombea!"

Mama mkwe.

Jamani, nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile sauti haikuwa ya aibu. Ilinikata. Nikajua lazima nitoke sasa hivi, vyovyote nitakavyoonekana. Nikamfunga Baba Vero kwenye kipande cha kitenge, nikakimbilia sebuleni, kilemba kimedondoka.

"Siyo yeye!" nikapiga kelele. "Mama, siyo Obedi! Ni huyu hapa!"

Nikafunua kitenge.

Sitawaeleza yote. Mlango wetu ni mwembamba, na akina mama wale ni watu walioshiba. Chai ilimwagika, vitambaa vipya vilikanyagwa. Mama mchungaji alitoka na ndala yake mguu mmoja, na yangu mguu wa pili. Madereva kwenye foleni wakashuka kwenye malori kuja kuangalia, na yule jirani yangu, akiwa anakimbia, akawajibu kwa sauti: "Mama Vero ameolewa na kinyonga!"

Mmoja tu hakukimbia. Mama mkwe alibaki kwenye kochi lake, machozi hayajakauka, anaangalia kitenge.

"Huyo ndiye Baba Vero?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba, mama."

Nilitamani sakafu ifunguke.

Nikampigia simu bwana mifugo. Alikuja na bodaboda, akaangalia ule mgongo, akaniambia wazi kwamba yeye ni wa ng'ombe na mbuzi, ila atajaribu. Akakisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka dawa. Kisha akaingia chumbani kuangalia tangi.

"Weka mkono wako karibu na hiyo balbu," akaniambia.

Nikaweka. Nikautoa haraka.

"Umeona? Wewe umetoa. Kinyonga akipata joto analisogelea, ngozi inaungua kabla hajajua. Taa haikai ndani na mnyama, mama. Inakaa nje, juu ya wavu, mbali, tena upande mmoja tu, ili akitaka kivuli ahamie upande mwingine. Na kioo hiki hakipitishi hewa. Ulimfunika kama chungu."

"Alikuwa anapiga miayo," nikasema.

"Hakuwa anapiga miayo. Alikuwa anahema, anatafuta pa kutokea, na pa kupanda palikuwa waya tu. Akiwa mweusi asubuhi, anajipasha jua tu. Akiwa mweupe na mdomo wazi, joto limemzidi." Akapunguza sauti. "Na huyu ni wa mibuni ya Mbozi. Baridi hii amezaliwa nayo. Jua la asubuhi pale barazani lilimtosha."

(Ndiyo, aliniambia na habari za kibali cha kufuga wanyama wa porini. Hilo niachieni siku nyingine.)

Alipoondoka nikamrudisha Baba Vero kwenye kizimba chake cha wavu, kwenye mbuni wake. Hakushika tawi. Nikamlaza kwenye kitenge chini ya majani, nikamnyunyizia matone mdomoni. Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa upande wangu, mbali kidogo na kizimba.

"Huwa mnaongea nini?" akaniuliza.

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama. Hakuwa ananikejeli.

"Habari za siku tu, mama. Nani kaleta kitambaa. Vero kafanyaje mtihani."

"Anakujibu?"

"Ananigeuzia jicho."

Akatikisa kichwa. Tukakaa. Malori yakasogea, yakasimama tena.

"Mimi huwa nampigia simu," akasema.

"Nani, mama?"

"Obedi. Nilikuwa napiga, inaniambia haipatikani, nakata, roho inatulia. Sasa siku moja ikapokelewa! Nusura nife. Laini wamempa mtu mwingine, mama mmoja wa Sumbawanga. Nikamweleza. Akaniambia, bibi, wewe piga tu ukijisikia. Basi napiga. Ananisalimia, tunaulizana mvua, naenda kulala."

Nikacheka. Kweli nilicheka, naye akacheka, mpaka khanga ikamdondoka. Kisha sijui nani alianza, tukawa tunalia wote wawili pale barazani, mchana kweupe, na madereva wanatuangalia.

Kuelekea jioni, Baba Vero alibadilika rangi mara ya mwisho. Akawa kijivu kama majivu baridi, jicho moja likabaki wazi. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hajawahi kumsogelea kinyonga, alimfunga vizuri kwenye kitenge kwa mikono yake, akaomba jembe. Tulimfukia nyuma ya nyumba. Aliniuliza kama tuombe. Nikamwambia leo maombi yametosha.

Sasa mama mkwe amelala. Mimi niko hapa nawaandikia, na nyumba imetulia kuliko nilivyozoea.

Wenye vinyonga: taa nje ya wavu, na joto mlipime kwa mkono wenu kwanza. Wengine wote: kesho ni Jumapili, nitakaa benchi la nyuma na mama mkwe wangu. Mkibanwa na kicheko, tafadhali, subirini tupite.