Mwanangu Apewe Kochi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapenzi wa Kompyuta za Zamani,
Chumba cha nyuma, Duka la Kutoa Kopi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKALISHWA KWA MWANANGU KWENYE KITI CHA PLASTIKI

Natumaini hujambo, na mashine zako za kutoa kopi nazo hazijambo. Mimi ni mama mzazi wa mwanachama wenu mnayemwita Waya. Kazi yangu ni ushonaji. Shule niliishia darasa la saba, nikiwa wa pili kwa mwandiko mzuri. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo unaweza kunihesabu wa kwanza.

Sijaandika kugombana. Nimeandika kudai.

Utaratibu wenu naujua. Kila Jumamosi mnakutana kukumbushana kompyuta za zamani na lugha mlizozitumia kuziamrisha. Aliyeanza enzi zile programu zinahifadhiwa kwenye kaseti za redio hukaa kwenye kochi na kusimulia. Aliyeanza enzi za diski hukaa kwenye kiti cha plastiki, naye huruhusiwa kuuliza maswali. Aliyekuja na intaneti husimama mlangoni, huchemsha chai na kushangaa. Utaratibu ni mzuri, sina neno nao. Neno langu ni kwamba mwanangu yuko kwenye plastiki.

Malalamiko nayapanga kwa namba za kumi kumi, kama mwanangu alivyokuwa akipanga mistari ya Beziki, lugha yake ya kwanza. Alinifundisha kuwa ukiruka kumi kumi unabakiza nafasi ya kupachika ulichosahau.

10. Jumamosi iliyopita mwanangu alianza kusimulia jinsi alivyokuwa akiweka kaseti, akaenda kuoga, akarudi, akakuta programu bado inaingia. Ukamkatiza ukasema, kijana, hayo umesimuliwa tu. Watu wa makochi wakacheka. Haya nimeyapata kwa mweka hazina wenu, alipokuja kupunguziwa suruali. Alitaka kukwepa, lakini angekwenda wapi, na suruali yenyewe iko chini ya sindano yangu. Mwanangu siku hiyo alirudi akalala na viatu. Chakula hakukigusa. Anayeacha chakula changu haumwi tumbo, anaumwa moyo.

Eti ana sura ya kijana. Ndugu Mwenyekiti, ile sura ni kazi yangu. Ni uji, maziwa na kulala mapema. Sasa malezi mema yamgeukie mtoto yawe hasara? Kama wengine mmechakaa kabla ya wakati, hiyo ni barua nyingine, na itakwenda kwa mama zenu.

20. Ulisema hana ushahidi. Ushahidi ninao kabatini, ni kaseti ya harusi yangu. Weka upande wa kwanza, utamsikia shemeji yangu mkubwa akihutubia. Anasema, ndugu zangu, bibi harusi wetu ni mwanamke mwenye, halafu inaingia sauti kama paka aliyebanwa na mlango, na inakwenda hivyo hadi mwisho wa utepe. Hiyo ndiyo programu ya mwanangu. Mwenye nini, sijajua mpaka leo. Shemeji nikimuuliza anasema labda mwenye bidii. Labda. Nakuuliza, mtu aliyesimuliwa tu habari za kaseti anawezaje kumfutia mama yake sifa zote za harusini? Ukitaka kuisikiliza njoo na redio yako. Yangu mwanangu aliifungua akaifunga, na vipande vilivyobaki nje tumeviweka kwenye kopo.

30. Programu yenyewe ilikuwa ya kidoti cheupe kinachotembea kwenye kioo. Kioo chenyewe ni televisheni yetu, kwa sababu kompyuta yake ya kwanza haikuja na kioo, ilikuja na waya na matumaini. Tulitazama kidoti likizo nzima. Majirani waliokuja kuangalia mpira waliangalia kidoti, na mmoja alikishangilia. Marehemu baba yake alikuwa akikaa pale kungoja taarifa ya habari. Mwanzo alinung'unika. Baadaye tukirudisha taarifa ya habari akawa anasema, hebu rudisheni kile kidoti, hakijawahi kunidanganya.

15. Hii nilisahau. Mwanangu anasema kwenye Beziki mashine yenyewe hupanga mstari mahali pake, kwa hiyo na wewe upange kichwani. Kabla ya yote hayo alikosa kitu cha kukiongozea kidoti, akachukua kanyagio la cherehani yangu ya umeme. Nikikanyaga, kidoti kinapanda juu kwenye kioo, na sketi ya mteja haisogei. Mteja alikuwa amekaa hapo hapo. Nilimwambia, dada, usiwe na wasiwasi, hii ni sayansi. Alikwenda kwa mshonaji mwingine, na hadi leo tukikutana njiani anavuka barabara.

40. Baada ya Beziki alijifunza Paskali, akajifunza Koboli, akajifunza na ile inayoitwa kwa herufi moja tu, nadhani waliishiwa. Nasikia kwenye makochi mnabishana hadi chai inapoa, huyu akisema Beziki iliharibu akili za watoto, yule akisema Koboli ni ndefu kama hotuba ya mgombea. Mwanangu hajawahi kusema vibaya lugha yoyote. Anasema zote zilimkatalia kwa makosa yake mwenyewe. Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Hayo si maneno ya plastiki.

50. Nilitaka kuishia hapo lakini haki ni haki. Nilipokuwa na mimba yake nilikuwa mfagiaji katika ofisi iliyokuwa na kompyuta kubwa kama makabati matatu, ile iliyokuwa ikilishwa maagizo kwa kadi zenye matundu. Mimi ndiye niliyefagia vile vipande vidogo vinavyodondoka kwenye matundu. Mashine ikiunguruma, mtoto anapiga teke. Ikizimwa, anatulia. Wahandisi wenyewe walikuwa wakiniuliza, mama, amepiga? Wakisikia hajapiga, wanakwenda kuangalia fyuzi. Kwa hiyo mwanangu alikuwa akihudumia kompyuta kabla hajazaliwa. Huyo si mtu wa kaseti. Kaseti zilimkuta.

60. Kwa hoja hizo, kochi halitoshi tena. Nadai mwanangu apewe kiti chako cha kuzunguka. Watu wa kaseti washuke kwenye plastiki, watu wa diski wasimame, na wa mlangoni wasogee kidogo nje. Wewe mwenyewe sitaki udhalilike. Kaa kwenye mkono wa kochi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwepo kwenye kadi, kwenye kaseti na kwenye kanyagio, niwe mgeni rasmi kila mwaka. Nguo ya siku hiyo nimeshaikata.

70. Kama hujashawishika, rudi namba 10 usome tena. Mwanangu anasema mashine ikipewa agizo la namna hiyo haitoki humo mpaka umeme ukatike. Wewe utatoka kwa kukubali.

Wasalimie wote: watu wa makochi na migongo yao, watu wa plastiki, anayechemsha chai, na mweka hazina. Mwambie suruali iko tayari, na sasa asinenepe tena.

Ni mimi, mwenye mwandiko mzuri na mtoto mzuri zaidi,

Mama Waya.

Nyongeza: Mwanangu amenikuta natafuta gundi ya bahasha, akaisoma barua yote akiwa wima, kisha akakaa. Kumbe kuna dada mmoja, muuguzi, mpole, ana meno mazuri, na Jumamosi hii anamleta chamani aone anachokipenda mwanangu. Huyo dada ameambiwa mwanangu ana miaka thelathini na minne. Nimekaa chini nikapiga hesabu: mtoto wa kadi zenye matundu hawezi kuwa na thelathini na minne hata nikimsaidia kuhesabu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kaseti hakuna. Kidoti hakuna. Mimba ilikuwa ya mtu mwingine. Lile neno lako, umesimuliwa, nimelitafakari na kuona lina busara nyingi. Ukiweza lirudie Jumamosi, kwa sauti, yule dada akiwa karibu. Watu wa makochi wacheke kama mara ile. Historia ninayo ya kutosha nyumbani, mjukuu sina.

Hata plastiki msimpe, diski nazo zitamfichua umri. Mpeni mlango. Na mtaona wenyewe, tangu chama kianze hamjapata mtu anayejua kusimama mlangoni kama mwanangu.