Ombi la Kuwazuia Mama Wakwe Kuongoza Rozari

Matisi, Kitale
28 Oktoba 2003

Kwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa magoti.

Mimi ni Gachanja, yule mwenye mashine ya kusaga mahindi hapa Matisi, baba wa Nyaruai anayesoma katekisimu. Naomba kwa heshima utoe amri kwamba mama mkwe yeyote asiongoze rozari katika nyumba ya mkwe wake. Najua ombi kama hili halijawahi kufika mezani kwako. Tafadhali lisome lote kabla ya kucheka.

Ulipotangaza Mwaka wa Rozari ulituagiza kila familia isali pamoja jioni. Mke wangu Wilkista alinigeukia pale pale kanisani akasema, "Baba Nyaruai, umesikia." Nilikuwa nimesikia. Tulianza vizuri: tendo moja la rozari, ishara ya msalaba, kila mtu akalale. Kisha mwezi wa Agosti mama yake, Mama Phelista, akaja kutoka Bumula kutibiwa macho hapa Kitale, akakaa kwetu.

Kwa mila za kwao, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana sana. Hawashikani mikono, hawataniani, na mama akiwa na neno hulipitisha kwa binti yake. Mimi Mkikuyu niliyezaliwa Trans-Nzoia niliisifu mila hii kwa moyo wote. Nilidhani nimepata mama mkwe asiye na la kuniambia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama aligundua mwanya. Padri unajua kwamba kabla ya kila tendo msalishaji hutaja nia. Jioni ya kwanza kuongoza alifumba macho yake mabovu akasema, "Tendo hili tunalitoa kwa ajili ya bati la jikoni. Mama Maria, wewe ulijifungulia zizini, unajua vile mvua inasumbua." Wilkista na Nyaruai wakaitikia. Mimi pia niliitikia, maana ningefanya nini? Mtu hawezi kujitetea katikati ya Salamu Maria. Asubuhi nilipanda juu ya paa na misumari.

2. Bati lilipokwisha kurekebishwa, akahamia kwangu mwenyewe. Jioni mimi hupitia kwa jirani yangu Mukhisa tucheze drafti kidogo, na wakati mwingine mchezo unakuwa mtamu na chakula kinapoa. Mama akasali, "Uwakumbuke wanaume waliosahau njia ya nyumbani, hasa wa karibu." Hasa wa karibu! Nilitazama kila upande. Mwanamume mwingine aliyekuwa karibu ni paka.

3. Nilijaribu kujibu kwa silaha hiyo hiyo. Ilikuwa Alhamisi, siku ya haya Matendo ya Mwanga tuliyoongezewa juzi juzi wakati hata yale ya zamani hayakuwa mafupi. Nikaomba nafasi ya kuongoza, nikasema, "Tuwaombee wageni wote wafike makwao salama, na mapema." Mama Phelista aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Tendo lililofuata likawa lake: "Na wageni ambao daktari hajawaruhusu, uwape mwenyeji mwenye subira." Wilkista alitoka akaenda kukohoa jikoni. Nilimsikia akikohoa kwa muda mrefu, na hakikuwa kikohozi.

4. Hapa ndipo naomba uketi, Padri. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilipokuja kusali kwetu, mwenyekiti wetu Nyongesa aliuliza kama kuna mwenye nia ya pekee. Mama akasimama. Akasema polepole, "Namwombea binti yangu. Ameolewa miaka hii yote, na kila Jumapili wenzake wakienda kupokea Komunyo, yeye anabaki amekaa."

Wewe unajua hatukufunga ndoa kanisani, na ndiyo maana hatupokei. Mahari nilipeleka Bumula kwa heshima zote, na harusi ya kanisa nilisema itakuwa baada ya mavuno. Mavuno yamekuja kila mwaka, Mungu asifiwe, na kila mwaka nimesema baada ya yanayofuata. Watu wote waliinamia rozari zao kana kwamba shanga ndiyo mara ya kwanza kuziona. Nilimtazama Wilkista nikitumaini atakohoa. Alikuwa analia, bila sauti, huku akimfunga Nyaruai vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa tayari vimefungwa.

Padri, mimi sikujua kwamba linamuuma hivyo. Tangu tuanze kuishi pamoja tumekaa benchi la nyuma kabisa, na nilipomuuliza sababu alisema anapenda hewa ya mlangoni.

5. Tangu siku hiyo sina amani hata kazini. Akina mama wanaleta mahindi, ninawasha mashine, na wananipigia kelele juu ya ile ngurumo: "Baba Nyaruai, tunawaombea!" Hata Mukhisa, ambaye ni Mkweka na hana rozari, aliniambia tukiwa kwenye drafti, "Bana, hata sisi kwetu tumewaweka kwenye maombi." Nakuuliza, ni halali madhehebu mengine kuingilia nyumba ya Mkatoliki namna hii?

Kwa hiyo naomba nia za mama wakwe zitolewe kimoyomoyo. Ikishindikana, zipitie kwanza kwa katekista azipunguze makali.

Nisalimie masista, wanakwaya, katekista, na yule mpishi wako aliyetupa maharagwe siku ya semina. Nyaruai anakusalimu na anasema Amri Kumi sasa anazijua zote, isipokuwa anachanganya ya sita na ya tisa.

Ndimi mwanaparokia wako mwenye magoti yaliyochubuka,
Gachanja

Baada ya kuandika: Barua hii imekaa kabatini, na mambo yamebadilika. Daktari alimruhusu Mama, akarudi Bumula. Jioni ile tulipiga magoti kama kawaida. Wilkista akafika mahali pa nia. Kila mtu akasubiri sauti ya Mama. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Tendo hili ni kwa ajili ya harusi yetu." Wilkista akafungua macho: "Umesema nini?" Nikarudia, safari hii nikimwambia yeye mwenyewe.

Kwa hivyo naomba usome matangazo ya ndoa yetu kuanzia Jumapili hii, kwa kuwa Majilio yanakaribia, wakati ambao harusi hazifungwi, na sitaki kusema tena baada ya mavuno. Lile ombi la juu uliache. Rozari bila Mama imekuwa fupi na haina chumvi. Nimemtuma shemeji yangu Wakoli akamsihi arudi akae nasi hata baada ya harusi. Jibu limefika leo, kupitia kwa Wilkista kama ilivyo desturi: Mama anasema amelisikia ombi langu, na kwanza atalitolea rozari.