Yah: Kung'atwa na Jirani, Ambaye ni Mbwa

Mihayo Luhaga,
Fundi Cherehani,
Kiseke, Mwanza.

Kwa Wakili Msomi Shamsia Mbaruku,
Ofisi ya Msaada wa Kisheria,
Pasiansi.

Mheshimiwa Wakili,

Pokea salamu zangu nikiwa nimesimama. Heshima ipo, lakini siyo sababu. Nimesimama kwa kuwa tangu Jumanne ya wiki iliyopita mahali ninapokalia hapakaliki. Jina lako nimelipata kwa Bi Mwanvua muuza vitenge, uliyemsaidia kwenye kesi yake ya mpaka. Alinihakikishia kwamba wewe humcheki mteja. Naomba uendelee na msimamo huo hadi mwisho wa barua hii.

Mimi ni fundi wa miaka hamsini na miwili, mwenye mke mmoja, Getruda, na cherehani moja ya kukanyaga. Nimepakana ukuta na Mwalimu Obedi, mstaafu. Kwenye geti lake kuna kibao kilichoandikwa MBWA MKALI. Kibao hicho kina miaka tisa, na kwa miaka yote tisa hapakuwa na mbwa wala paka. Mtaa mzima ulijua. Hata mbuzi walijua, kwa maana walikuwa wanaingia na kula mchicha wake mchana kweupe.

Jumanne hiyo, kama saa nne asubuhi, nilimpelekea Mwalimu suruali ya suti aijaribu, kwa kuwa binti yake Queen anaolewa huko Misungwi. Nikasukuma geti kama siku zote. Nikasema, "Hodi, shikamoo Mwalimu." Kabla ya marahaba nikang'atwa tako la kushoto.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao. Mwalimu anajitetea kwa kuniuliza mbele za watu, "Kwani hukukisoma?" Nilikisoma, Wakili. Nimekisoma kwa miaka tisa, hata mjukuu wangu kajifunzia kusoma hapo. Ninachodai ni kwamba kibao kilichodanganya muda wote huo hakina haki ya kuanza kusema kweli kimyakimya. Maji yakikatika mtaani hupita gari la matangazo. Je, mbwa akiletwa? Angalau angeongeza kwa chaki: SASA YUPO.

2. Jina. Mbwa huyo ameitwa Jirani. Mwalimu anaapa kwamba hakumaanisha mtu. Lakini jioni nikiwa nakula nasikia ng'ambo ya ukuta, "Jirani, acha ulafi." Mara, "Jirani, umekojoa tena hapo?" Siku moja Getruda aliweka kijiko chini akaniuliza nimekojoa wapi.

Jina hilo limeniharibia pia ushahidi. Nilikwenda kituoni kuchukua fomu ya matibabu, na askari wa zamu akaniuliza nani amening'ata.

"Jirani," nikasema.

"Kwa meno?"

"Kwa meno."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Hatukugombana, afande. Hata kufahamiana tulikuwa hatujafahamiana."

Askari aliweka kalamu mezani akanisogelea kunusa kama nimekunywa. Zahanati nako muuguzi aliniuliza kwa upole, "Unaumwa nini, baba?" Nikajibu, "Mbwa." Akaniambia nikapange foleni ile nyingine, ya wagonjwa wa akili. Sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa niliipata saa tisa alasiri, na kwa muda wote huo nilikuwa nimesimama.

3. Hili ndilo linaloniuma kuliko jeraha, na naomba lihesabiwe mara mbili. Nilipopiga yowe Mwalimu alitoka mbio na kandambili moja. Alikuja moja kwa moja, akapiga magoti. Nikasema moyoni, kumbe mzee huyu ananijali. Akamshika mbwa taya, akamkagua jino moja moja hadi magego, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Pole sana, Jirani."

Mimi nikamjibu, "Asante, Mwalimu."

Hakuwa anasema na mimi. Tumezikana, Wakili. Mama yangu alipofariki, Mwalimu huyu alilala msibani kwangu siku nne kwenye mkeka. Nilimshonea shati la kustaafia. Nikiwa nimelala chali usiku (samahani, kifudifudi), ni ile pole ninayoisikia.

4. Kazi. Cherehani ya kukanyaga haikanyagwi ukiwa umesimama. Nimejaribu. Suti ya msimamizi wa bwana harusi imetoka na mguu mmoja wa kulia na mwingine wa kulia. Getruda anasema hayo siyo malalamiko, ni ushahidi dhidi yangu, lakini nimeyaacha kwa sababu nataka kesi yangu iwe ya ukweli mtupu.

5. Sheria. Sijasoma sheria, ila nimeitafakari sana nikiwa kifudifudi. Mbwa hana kitambulisho, hapigi kura, haitwi mahakamani. Kwa hiyo jino la mbwa ni jino la mwenye mbwa. Kama ni hivyo, aliyening'ata tako siku ya Jumanne ni Mwalimu Obedi mwenyewe, mzee wa kanisa, mbele ya geti lake. Afisa mifugo aliagiza mbwa afungwe siku kumi aangaliwe kama ana kichaa. Mbwa kafungwa. Mwalimu mbona yuko huru? Jana nilimwona anakwenda dukani kununua sukari bila hata kamba.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, nakuomba unifungulie shauri la fidia. Sidai fedha, maana fedha zitaisha na kovu litabaki. Nadai haya: kiti kile kikubwa cha sebuleni kwake, chenye sponji, kihamie kwangu mpaka nipone. Mbwa abadilishwe jina, aitwe Mwalimu, ili na Mwalimu mwenyewe ale chakula cha jioni akisikia ninayoyasikia. Sindano zilizobaki anisindikize mwenyewe, akae nje ya mlango, na nikitoka aniambie pole huku akinitazama mimi usoni. Halafu Mwalimu afungwe hizo siku kumi. Kamba sitaki iwe fupi. Aweze kufika chooni.

Ukiona madai ni mengi, lile la pole usilipunguze. Mengine tunaweza kuelewana.

Mwisho nakutakia afya njema na kazi njema. Wasalimie wote wa ofisini, mlinzi wenu, mama yako mzazi shikamoo yake, na Bi Mwanvua ukimwona mwambie suruali aliyoagiza iko tayari, ila aikague miguu. Getruda anawasalimu pia, ingawa amegoma kuisoma barua hii.

Wako katika kuitafuta haki,
kwa sasa kwa upande wa kulia tu,

Mihayo Luhaga.

N.B. Mheshimiwa Wakili, nimetafuta bahasha siku tatu, na katikati mambo yakabadilika, kwa hiyo naomba barua hii uisome taratibu, au usiisome.

Ni kwamba tangu sindano ya pili nimekuwa nikimrushia yule mbwa vichwa vya sato juu ya ukuta. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu tukikutana tena anikumbuke kwa wema. Juzi alitafuna kamba, akachimba chini ya ukuta, na sasa analala chini ya meza yangu ya kukatia. Sikumwita. Pia sikumfukuza, kwa kuwa ni mbwa msikivu.

Sasa leo asubuhi Mwalimu alifungua geti langu. Alikuwa amekuja kuniomba radhi, amebeba mto wa kukalia alioushona mwenyewe kwa mkono, na ameushona vibaya sana. Alisema, "Mihayo, mdogo wangu, pole," akinitazama mimi usoni. Kabla sijaitikia, mbwa akatoka chini ya meza akamng'ata muundi.

Mwenyekiti wa mtaa alipita, akauliza mbwa huyu anakula wapi. Getruda, ambaye hajui kudanganya, akasema, "Hapa." Mwenyekiti akasema anapokula ndiko kwao.

Kwa hiyo, Wakili, lile lalamiko la tano naomba ulichane kwa mkono wako, maana likisimama, mimi ndiye niliyemng'ata mzee wa kanisa mguuni. Badala yake nitafutie sheria inayosema mbwa ni mali ya Serikali. Kama haipo, itungwe, na ianze kutumika jana.

Jeraha tumeliosha kwa sabuni na maji mengi. Mwalimu yuko hapa kwenye benchi langu, amekalia ule mto, anasubiri pikipiki ya kwenda zahanati. Hajanigombeza hata kidogo. Ameniomba karatasi na kalamu, na sasa hivi ananiuliza jina lako linaandikwaje.