Malalamiko Kuhusu Mguu wa Kulia wa Mume Wangu

Kwa Daktari Mkuu, Wodi ya Wagonjwa Mahututi,

Kwanza poleni na kazi. Mimi ni mke wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, yule mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake humwita Mwalimu Breki. Moyo wake ulipogoma ghafla, mlimpitishia pampu ndogo kwenye paja ikapanda hadi moyoni, iusaidie kusukuma damu mpaka upate nguvu. Kwa hilo nashukuru. Yafuatayo siyashukuru:

1. Kuna mtu amemchora mume wangu alama ya X kwa kalamu juu ya mguu, kama hesabu iliyokosewa. Muuguzi anasema hapo ndipo wanapotafuta mapigo. Mimi nimeishi na mguu huo miaka yote na sijawahi kuuandika.

2. Mlimpa dawa ili damu isigande kwenye pampu, paja likavuja. Mkaipunguza, sasa mnaogopa itaganda. Naomba damu ya baba wa watu ipewe amri moja.

3. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Naambiwa pampu inasaga chembe za damu. Iliitwa kusukuma, kusaga imeruhusiwa na nani?

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Bomba la pampu limebana njia ya damu na mguu umekuwa wa baridi. Daktari wa zamu kaniambia pampu ikitolewa mapema, moyo unaweza kukataa. Ikichelewa, mguu unaweza kukatwa. Na ndio mguu wa breki! Nimekataa kuchagua. Nilipoolewa sikupewa mume kwa vipande. Naogopa sana, Daktari, na nikiogopa huwa mkali.

Kwa hiyo naomba pampu ihamishiwe kwenye paja langu, ambalo lina nafasi tele, kisha mvute bomba hadi kwake. Vitanda visogezwe. Kama sheria za hospitali zinakataza, zibadilishwe kabla ya saa ya kuona wagonjwa jioni.

Nisalimieni wauguzi wote, dada wa usafi aliyenipa kiti, na mlinzi ninayemsumbua getini.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu zangu,
Mke wa Mwalimu Breki

Tanbihi: Kabla sijaifikisha barua hii, mmeitoa pampu. Moyo unasukuma wenyewe na mguu umepata joto. Nimeushika kwa mkono wangu nikalia bila aibu. Malalamiko yote nayafuta. Siku moyo wangu ukigoma, niwekeeni kama hiyohiyo, mguu wowote mtakaoupenda.